Mwaka Mpya na Sanduku la Kufuli Tatu

*Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumanne jioni, tarehe 30 Desemba 2025, Kirumba, Mwanza, mbele ya kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wauza dagaa na majirani zao. Nimeyaandika kutoka kwenye simu ya mjukuu wangu aliyenirekodi. Nilipojirudia nimefuta, vicheko nimeviacha.*

Mwadila, mama zangu. Mwadila, baba zangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni, mambo? (Vicheko.) Mkisikia mtu anatoa salamu tano kabla hajafungua mdomo kusema lake, mjue yuko Mwanza.

Najua hamkuja kunisikiliza mimi. Macho yenu yako kwenye lile sanduku lenye kufuli tatu, na mnajua humo ndani kuna jasho la mwaka mzima. Leo mnavunja mzunguko, mnagawana. Basi nami nitajitahidi nisiwe kikwazo kati ya mtu na hisa zake.

Mwenyekiti alinifuata nyumbani baada ya kikao chenu cha Novemba. Kumbe kulizuka jambo. Mmoja alitoa wazo kila mwanachama achangie pilau na soda za mwaka mpya. Mwingine akasema samahani, huo si mwaka wa dini yangu, mwaka wetu ulishaanza tangu Juni. Wa tatu akasema hata kwetu kanisani mwaka haujaanza Januari. Wa nne akasema yeye anataka pilau tu, dini baadaye. (Vicheko, makofi.) Hapo ndipo mtoto wa mmoja wenu, yuko darasa la tano, alikuwa amekaa pembeni akimsubiri mama yake, akauliza: "Kwani mwaka mpya ni wa dini gani?" Nimeambiwa ukumbi mzima ulinyamaza. Ndipo mkakumbuka kuna mzee mtaani alifundisha jiografia na historia miaka mingi, hana kazi, aitwe.

Mwanangu, uko wapi? Yule pale. Jibu lako nakupa sasa hivi, nisije nikasahau. Mwaka mpya wa keshokutwa hauna dini. Ni mwaka wa ofisi.

Waroma wa kale mwaka wao ulianza Machi. Ushahidi tunao midomoni kila siku: Septemba ni neno la saba, Oktoba la nane, Novemba la tisa, Desemba la kumi. Sisi tunaiita Desemba mwezi wa kumi na mbili, lakini jina lenyewe linasema kumi. Ukihesabu kuanzia Machi utaona hesabu inakaa sawa. Sasa Roma ilikuwa na viongozi wakuu wawili, makonsuli, waliobadilishwa kila mwaka, nao walishika madaraka mwezi Machi. Mwaka 153 kabla ya Kristo kulikuwa na vita Hispania, na wakubwa wakaona kusubiri hadi Machi ni kuchelewa. Wakawaapisha tarehe 1 Januari. Ndiyo hiyo. Hakuna nabii aliyeota, hakuna nyota iliyoonekana. Kuna wakubwa waliotaka kuingia ofisini mapema.

Baadaye akaja Julius Caesar akaikuta kalenda imevurugika, miezi haifuatani tena na majira. Akaamua kuirekebisha, na ili mambo yakae sawa mwaka 46 kabla ya Kristo ukarefushwa ukawa na siku 445. Hebu nyie watu wa mikopo fikirieni: umekopa kwa riba ya mwezi, halafu serikali inatangaza mwaka huu umeongezwa siku themanini. (Vicheko. Mmoja: "Tungehama!") Mngehama, naam.

Na Wakristo wenyewe hawakuipenda hiyo Januari kwa muda mrefu, maana ilinukia upagani wa Kiroma. Kuna nchi za Ulaya zilizoanza mwaka siku ya Krismasi, nyingine Pasaka. Uingereza, ambayo baadaye ilikuja kututawala na kutufundisha tarehe, yenyewe ilihesabu mwaka kuanzia 25 Machi, siku Malaika alipompasha Maria habari, mpaka mwaka 1752 ndipo ikaanza kuuhesabu kuanzia 1 Januari. Wakati huo huo ikakubali masahihisho ya Papa Gregori wa Kumi na Tatu, aliyefuta siku kumi mwaka 1582: watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Uingereza ilimsusia Papa kwa miaka 170, ikajikuta inafuta siku kumi na moja badala ya kumi. Ukaidi nao una riba.

Kwa hiyo mama yangu aliyesema kwao kanisani mwaka hauanzi Januari, amesema kweli. Kwa Wakatoliki na makanisa mengine yanayofuata Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, mwaka mpya wa kanisa ulianza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo safari hii ilikuwa 30 Novemba. Mna mwezi mzima mko ndani ya mwaka mpya na hamkupika pilau. Waorthodoksi wao huanza 1 Septemba. Tarehe 1 Januari Mkatoliki anaadhimisha Bikira Maria Mama wa Mungu, na tangu 1968 siku hiyo ni ya kuombea amani duniani. Ni siku kubwa. Lakini ukubwa wake hautokani na kalenda kugeuka.

Januari ilifikaje kwetu? Ilikuja na watu wawili, padri na karani wa kodi. Mapadri walifika Bukumbi, hapo kusini mwetu, mwaka 1883. Wajerumani wakajenga boma lao mjini miaka ya 1890, na mwaka 1898 ikaanza kodi ya kibanda. Mtu asiyejua tarehe anaweza kulima, kuvua, kuoa, kuzika. Hawezi tu kulipa kodi kwa wakati. Hapo ndipo Msukuma alipojifunza Januari.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa kalenda hiyo ya ofisi. Mama yangu hakujua kusoma. Alichosema ni kwamba nilizaliwa miaka miwili kabla ziwa halijapanda. Wazee hapa wanakumbuka: mvua za 1961, mwaka wa Uhuru, ziwa likaanza kupanda na likaendelea hadi 1964, mashamba ya ufukweni yakazama. Vijana mmeona mfano wake 2020, tena 2024. Basi nilipopelekwa shule mwalimu akauliza tarehe, mama akasema ziwa. Mwalimu akahesabu vidole akaandika: 1 Januari 1959. Na ninajua sitakuwa peke yangu humu. Mliozaliwa tarehe 1 Januari nyoosheni mikono. (Mikono kumi na moja, vicheko.) Mnaona? Watu kumi na mmoja, wote wamezaliwa na karani.

Keshokutwa basi natimiza miaka 67 ofisini. Kwa hesabu ya Hijria nimeshafika 69, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi, na kila miaka 33 umeshapata mwaka mzima wa ziada. Kwa hiyo Waislamu, mkitaka kuonekana vijana, taja umri wa Kizungu.

Nikae kidogo hapa kwenye Hijria, kwa sababu ina jambo zuri. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, ndiye aliyeweka hesabu ya miaka, maana barua za serikali zilikuwa zinafika bila mwaka na mambo yanachanganyika. Mnaona, na huko pia ofisi ilihusika! Lakini walipokaa kushauriana waanzie wapi, hawakuchagua kuzaliwa kwa Mtume, wala ushindi wa vita. Walichagua safari: Hijra, kutoka Makka kwenda Madina, mwaka 622. Watu walioacha nyumba zao ndio waliouanza mwaka. Na kwa kuwa Muharram ndio uliokuwa mwezi wa kwanza kwa Waarabu, mwaka ukaanzia hapo, ingawa safari yenyewe ilikuwa Rabiul-awwal. Mwaka huu wa 1447 uliingia mwishoni mwa Juni. Nani alipiga fataki? Hakuna. Masuni wengi hufunga siku ya Ashura, tarehe 10. Na ndugu zetu Mashia, wapo hapa mjini, kwao siku hizo kumi za kwanza ni matanga, kwa sababu mjukuu wa Mtume, Husein, aliuawa Karbala siku ya kumi ya Muharram, mwaka 680 kwa hesabu ya ofisi. Kwa hiyo kuna watu mwaka wao mpya unafunguliwa kwa kilio. Mtu akikwambia hataki kusherehekea mwaka, usimwone mkavu, huenda kwake mlango wa mwaka una msiba.

Tena kuna watu ambao hiyo hiyo Januari mosi ilikuwa siku ya msiba. Kule Marekani, wakati wa utumwa, tarehe 1 Januari ilikuwa siku ya kufunga hesabu, na mtumwa naye alikuwa sehemu ya hesabu. Mabwana walilipana madeni, wakauziana watu, wakakodishana watu kwa mwaka mzima. Mama alikuwa akilala usiku wa 31 Desemba hajui kama kesho jioni atakuwa na mtoto wake. Halafu fikirieni usiku wa 31 Desemba 1862. Rais Lincoln alikuwa ametangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1863 watumwa katika majimbo yaliyoasi watakuwa huru. Watu weusi wakakusanyika makanisani na vibandani, wakakesha wakisubiri saa. Siku waliyozoea kuiogopa ndiyo wakaisubiri macho makavu. Mkesha wa mwaka mpya ulikuwepo kabla yao, lakini makanisa yao mpaka leo wanakesha usiku huo wakikumbuka. Ninyi mtakaokesha kesho, mnapiga magoti kwenye usiku wenye historia nzito.

Sasa niwarudishe sokoni. Nilipokuwa na miaka minane tulikaa jirani na duka la mzee mmoja wa Kigujarati. Baba alifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, na kama wenzake wote alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari la madeni la yule mzee. Asubuhi moja, mvua za kwanza ndiyo kwanza zimeanza, mzee akaja mlangoni na sahani ya mithai, ladu na jalebi, amevaa nguo mpya, anasema, "Mwaka mpya, mwaka mpya!" Mimi nikashangaa, mwaka mpya gani na Krismasi bado? Baadaye ndiyo nikajua. Kwa Wagujarati mwaka huanza siku inayofuata sikukuu ya Diwali. Wenye maduka hufunga vitabu vya hesabu vya zamani, hufungua vipya, na kitabu kipya hupelekwa kwenye ibada kabla hakijaandikwa hata senti. Mwaka huu ilikuwa 22 Oktoba, na kwa hesabu yao wameingia mwaka 2082. Wako mbele yetu.

Baba akala jalebi, akafuta vidole, akauliza kwa adabu: "Mzee, kwa kuwa kitabu ni kipya, na deni langu limeisha na kile cha zamani?" Yule mzee alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akasema, "Deni hamia kitabu kipya. Deni ndiyo abiria wa kwanza." (Vicheko virefu.) Mweka hazina anatikisa kichwa, anaelewa.

Wayahudi nao wamelitazama deni kwa namna yao. Mwaka wao, Rosh Hashanah, uliingia Septemba, wa 5786. Wanapuliza pembe ya kondoo dume, wanachovya tofaa kwenye asali, mwaka uwe mtamu. Halafu zinafuata siku za toba mpaka siku ya kumi, ya kufunga. Na walimu wao walifundisha tangu zamani kwamba siku hiyo ya kufunga inafuta makosa kati ya mtu na Mungu. Makosa kati yako na jirani hayafutiki mpaka umwendee jirani mwenyewe. Hao hao walimu waliandika kwamba mwaka una mianzo minne: mmoja wa wafalme, mmoja wa zaka ya mifugo, mmoja wa miaka yenyewe, mmoja wa miti. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilicheka, nikasema mbona hawa wanatuzungumzia sisi? Hapa Mwanza Januari ni mwaka wa ada na sare za shule. Mei ni mwaka wa pamba, soko likifunguliwa. Julai Mosi ni mwaka wa serikali, bajeti. Novemba ni mwaka wa jembe. Mama mwenye mtoto shule, shamba Magu na kibanda cha biashara Mwaloni anaanza mwaka mara nne na hakuna anayempigia makofi.

Na sherehe ya Msukuma iko wapi? Iko Juni. Nendeni Bujora wakati wa ngoma za Bulabo, baada ya mavuno, kundi la Bagika upande huu na la Bagalu upande ule, nyoka na fisi uwanjani, vumbi mpaka mawinguni. Mtu anacheza ghala likiwa limejaa. Desemba ghala linapungua, mahindi yako magotini, halafu unaambiwa furahi! Mimi nadhani ndiyo maana sherehe yetu ya Januari imekuwa ya kelele kuliko ya chakula. Kupiga mabati, kuchoma matairi. Nitasema ukweli, hayo matairi yananikera.

Kuna kitu kimoja nakipenda kuliko vyote kwenye habari hii, mniruhusu. Ni siku tano.

Wamisri wa kale walikuwa na miezi kumi na miwili, kila mmoja siku thelathini kamili. Hiyo ni 360. Zikabaki siku tano hazina mwezi. Wakazifanya siku za kuzaliwa miungu wao, kisha ukaja mwaka mpya, wakati mto Nile unapoanza kujaa. Msiseme "maji yetu." Ni kweli maji ya ziwa hili yanafika Misri, lakini mafuriko yale yalitoka milima ya Ethiopia kwa Nile ya Buluu. Maji yetu ni ya taratibu. Kazi yake ilikuwa kuuweka mto hai wakati wa kiangazi. Basi Wakristo wa Misri, Wakopti, wakairithi kalenda hiyo, na Waethiopia wakawa nayo, mpaka leo wana miezi kumi na mitatu: kumi na miwili ya siku thelathini, na kimwezi cha siku tano au sita. Kwa Waethiopia mwaka mpya ni 11 Septemba, mvua zimekatika, milima imejaa maua ya njano, watoto wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba. Leo kwao ni mwaka 2018. Na saa yao ni kama yetu: jua likichomoza wanahesabu saa moja.

Waajemi nao walikuwa na 360 na tano zao. Na mwaka mpya wao, Nauruzi, unaingia Machi, mchana na usiku vikilingana; wanaruka moto, wanapanga mezani vitu saba. Waumini wa dini ya Bahai wameichukua siku hiyo, wakiitanguliza kwa saumu ya siku kumi na tisa. Sasa lile jina Nauruzi likapanda jahazi, likavuka bahari, likashuka pwani yetu likawa Nairuzi, Siku ya Mwaka. Waswahili wa zamani walihesabu mwaka wa jua kwa makumi: kila siku kumi ni mwongo mmoja. Miongo thelathini na sita ni 360. Na zikabaki zile tano! Leo tukisema "mwongo" tunamaanisha miaka kumi, tumesahau kwamba nahodha alikuwa akihesabu miongo kujua kusi linaingia lini na jahazi litoke lini. Kalenda hiyo haina siku ya kuongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo ilisogea pole pole kwenye majira, na leo iko Julai.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanaoga mwaka. Mwaka Kogwa, ndilo jina. Wanaume wanachapana kwa magomba, na yaliyowekwa moyoni mwaka mzima yanatolewa hapo kwa fimbo laini na matusi yaliyoruhusiwa, yakiisha yameisha. Kinachomwa kibanda cha makuti. Na kila nyumba inatafuta mgeni, kwa sababu kukosa mgeni siku hiyo si dalili njema. Hawa ni Waislamu, mwaka wao wa dini ni Muharram, mwaka wa serikali ni Januari, na mwaka wa mji wao ni Julai. Sijasikia wamegombana kuhusu pilau.

Dunia ni pana, nitapita mbio. Wahispania wanakula zabibu kumi na mbili, moja kwa kila mlio wa kengele. Wajapani wanagonga kengele za mahekalu mara 108. Skotilandi wanaamini mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku akiwa na nywele nyeusi analeta heri. Ukumbi huu mzima ungepata kazi kule. (Vicheko.) Brazili wanavaa nyeupe, wanamtupia maua Iemanjá baharini, mama wa maji waliyemleta Waafrika waliotekwa utumwani. Thailand wanamwagiana maji Aprili. Na Bali, Indonesia, mwaka unaanza kwa kimya: siku nzima hakuna kutoka, hakuna kuwasha taa, hata uwanja wa ndege unafungwa. Hao ningewaalika Kirumba kesho usiku waje kutufundisha. Wachina waliojenga daraja letu la Kigongo–Busisi mwaka wao wa Farasi utaingia 17 Februari, kila mtu akirudi kwa wazazi, watoto wakipewa bahasha nyekundu yenye pesa. Siku inayofuata, tarehe 18, ni Jumatano ya Majivu, na Ramadhani inatarajiwa kuingia siku hiyo au jirani yake. Wakatoliki na Waislamu watafunga pamoja. Akina mama wa dagaa, jipangeni.

Nimekaribia kumaliza, katibu asinitazame hivyo.

Hii saa sita usiku tunayoingoja kesho si ya kwetu. Lugha yetu inakataa. Saa moja ni asubuhi jua likitoka, saa moja ni jioni jua likizama. Saa sita ni katikati, haianzi kitu. Mama wa Kisabato hapa anajua, Sabato inaingia Ijumaa jua likizama. Muislamu anajua, mwezi unaandama Magharibi. Watu wa pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" wanataka ule usiku unaoitangulia Ijumaa, ambao sisi wa bara tunauita wa kuamkia Ijumaa.

Na kuna watu humu hawahitaji kalenda ya ukutani hata kidogo. Nawaona wavuvi wa dagaa kule nyuma. Mko hapa kwa nini usiku huu? (Sauti: "Mbalamwezi!") Mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapanda juu, bei inapanda nayo. Likirudi giza mnaingia ziwani. Hawa wanaishi kwa mwezi kama Muharram inavyoishi kwa mwezi, awe Juma awe Joseph.

Wakulima nao walikuwa na saa yao juu. Mnakijua Kilimia? Kile kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana kama vifaranga. Jina linatokana na kulima. Novemba jioni kinachomoza mashariki wakati mvua zinaingia. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Waxhosa wa Afrika Kusini wanakiita isiLimela, neno lile lile, na mwanamume aliyetoka jandoni alihesabu miaka yake kwa kuchomoza kwake alfajiri ya Juni. Na huko mbali kabisa, New Zealand, Wamaori wanaanza mwaka nyota hizo hizo zinaporudi alfajiri katikati ya mwaka, wanaziita Matariki, na tangu 2022 ni sikukuu ya taifa zima.

Kesho usiku, mtakaokuwa mmetoka kanisani kupunga hewa, na mtakaokuwa mmekaa nje tu kwa sababu fataki hazilalishi, mawingu yakiturehemu tazameni mwezi. Kilimia kitakuwa jirani yake kabisa, karibu kiguswe. Mwanga wa mwezi utakifisha, kwa hiyo uzibe mwezi kwa kidole gumba hivi, utaziona nyota zake mbili tatu. Mwezi wa wavuvi na nyota za wakulima, mahali pamoja, usiku wa karani.

Haya. Mwenye ufunguo wa kwanza simama. Wa pili. Wa tatu yuko wapi? Ameenda kunyonyesha? Basi tumsubiri.